Noti ya Hina

Akiba huoza. Hivyo ndivyo Nasima alivyoona asubuhi ile, Wachira, keateka anayekusanya kodi ya ploti yao ya Majengo, alipomwonyesha kufuli jipya la kumfungia chumba. Kodi imepanda tena. Asipolipa kabla ya magharibi, atalala nje.

Akatoa noti ya zamani ya shilingi mia kwenye kasha la udi, akatembea hadi Eastleigh kwa Keynan, kijana anayenunua noti zilizokosewa kiwandani na kuwauzia wakusanyaji kwa bei kubwa. Alikuwa ameshamtumia picha: kona moja nambari ya noti ipo, kona ya pili hamna. Keynan naye alikuwa ameshamwahidi mteja wa mtaa wa Fedha.

"Karibu, mathe. Leo tunakula vizuri." Akaiweka chini ya lenzi. Tabasamu likamfifia. "Hii ilisuguliwa?"

"Niliipata hivyo."

"Nambari hugandamizwa kwa nguvu, huacha alama. Ingekuwa haikuchapwa, hapa pangekuwa laini. Pitisha kidole. Na nyuzi za karatasi zimeinuka. Mtu ametoa wino."

Nasima akapitisha kidole, akahisi vijibonde. Ndipo alipokumbuka alasiri ya hina yake kabla ya harusi, uani kwa bibi yake Shamsia, wanawake wakicheza lelemama, mikono ikinukia karafuu. Bibi alimtunza noti hiyo kiganjani kabla hina haijakauka. Kesho yake aliketi juani na kipande cha ndimu, akisugua taratibu doa la hina lililoangukia nambari huku akiimba, mjukuu aanze nyumba na noti safi. Ua ule sasa umekuwa vyumba vya kukodi. Katika kimojawapo ndimo anamolala Nasima.

"Ni bibi yangu," alisema. "Alikuwa anatoa hina."

"Basi ni noti chafu tu, mathe. Kanunue sukari."

"Kosa la mashine mnalinunua. Mkono wa bibi yangu ndio uchafu?"

"Soko ndilo linasema, si mimi." Keynan akampigia mteja, akamsogezea Nasima simu. "Ashatoka kwake, na ataniona tapeli. Mwombe radhi. Umenichomea picha, umeniharibia jina."

Sauti ya mwanamume iliita, haloo, haloo. Nasima akaikunja noti, akainamia simu.

"Mimi ni mjukuu wa Shamsia wa Majengo," alisema. "Noti ilisuguliwa kwa ndimu, nami sikumdanganya mtu. Siombi radhi."