Kumshusha Mama Ngazi

Ulipita. Usijifanye hukupita. Ngazi za jengo lile ni nyembamba, huwezi kumpita mtu bila kumgusa bega, na bado ulijibana ukutani ukapita. Mwanamume wa makamo amekaa kwenye kipandio kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi, na mama yake mzee kamlalia mgongoni kama mtoto aliyesinzia. Ukatoa simu mfukoni. Haikuwa imelia. Ukaikodolea macho mpaka ukafika chini.

Hukuwa peke yako, na hilo halikuokoi. Wote tumejifunza kutazama kando mwanamume wa umri ule anapokwama. Angekuwa kijana tungemcheka na kumpokea mzigo. Angekuwa mzee tungempisha. Huyu wa katikati tunamwachia aibu yake ailee mwenyewe.

"Mwanangu," mama alimnong'oneza sikioni, "tunapumzika, au ndiyo tumefika?"

"Tunapumzika, Mama."

"Haya. Mimi sina haraka. Magoti si yangu."

Walikuja kutolewa pale na vijana wawili wa karakana ya chini. Walimshusha mama kwa kiti cha plastiki, mmoja mbele mmoja nyuma, wakipiga soga. Mwanawe akafuata, amebeba viatu vya mama.

Kiwandani walimwita Mfuko, kwa sababu tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi alishona mifuko tu. Suruali za kazi zilimfikia zimekwisha kukatwa. Yeye alipachika mfuko, akasukuma, akavuta nyingine. Alikaa asubuhi, akakaa mchana, akakaa jioni. Mabega yalimwinama, mapaja yakalegea kama mikono ya shati lililotundikwa, na tumbo likawa linaifikia cherehani kabla ya mikono. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya kukaa nayo hula mtu. Humla taratibu, na humwanzia miguuni.

Kisha mama akapatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukapooza nusu, na daktari akasema apelekwe hospitali kila wiki kwa mazoezi ya viungo. Jengo halina lifti. Mkewe Mfuko alisema waite watu. Mfuko akasema mama yake hawezi kubebwa na watu kama kabati. Akampakia mgongoni, kifua mbele, vile alivyobeba magunia enzi za ujana wake. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukingo wake ulikuwa pale ulipompita.

Habari ya namna ile haikai chini ya mkeka. Wiki haikuisha kabla kaka yake mkubwa hajafika kutoka mji mwingine, alikokuwa na duka la vipuri na nyumba ya chini isiyo na hata kizingiti.

"Sikuja kugombana," alisema kabla hajakaa, na mtu akisema hivyo ujue ugomvi kauacha mlangoni unavua viatu. "Shule zikifungwa nakuja na gari. Mama anahamia kwangu."

"Mama hajasema anataka kuhama."

"Hajasema pia kwamba anataka kukaa kwenye ngazi kama paka. Huwezi kumshusha, ndugu yangu. Siku hao vijana wa karakana hawapo, utamtupa dirishani?"

Sauti ikatoka chumbani. "Mnanizungumza kama mzigo uliokwama stoo. Kilicholegea ni mguu. Masikio ni mazima."

Wakaingia wote wawili, vichwa chini, kama walipokuwa wadogo wakivunja kikombe.

"Mama," kaka alisema, "kwangu utatunzwa vizuri."

"Najua, mwanangu. Kwako nitatunzwa. Hapa naishi."

Kitanda chake kilikuwa kando ya dirisha, na dirisha lilitazama barabara nzima. Muuza mboga alimsalimu akipita, fundi viatu alimpungia mkono, na mama alijua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajapatana wamegombea nini. Kwa kaka kulikuwa na chumba kizuri cha nyuma, kitanda kipya, na dirisha lililotazama ukuta.

Kaka hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu, akamgeukia mdogo wake. "Siku nitakayokuja, mshushe mpaka kwenye gari, umpandishe tena mpaka kitandani. Mwenyewe. Ukiweza, sisemi neno. Usipoweza, tunafunga mizigo."

"Umesikia?" mama alimwambia Mfuko. "Usinipoteze kwa ajili ya tumbo."

Mfuko alifanya kosa ambalo wanaume wa umri wake hulifanya wote, kana kwamba walilisomea darasa moja. Alimtafuta yule kijana aliyewahi kuwa. Kesho yake alikwenda jimu ya mtaani, akawakuta vijana wenye mikono kama mapaja yake, akaona haya kuanza na vyuma vidogo mbele yao. Akainama juu ya kile walichokuwa wakiinua wao, akakivuta kwa mgongo. Kitu kikalia kiunoni. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyemeza ufagio, akalala sakafuni chumbani kwa mama, kwa sababu godoro halikumfaa.

"Sasa tumekuwa wagonjwa wawili," mama alisema kutoka juu. "Nani atamletea mwenzake maji?"

Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, kisha akampigia simu mdogo wake, mwalimu wa michezo. Mwalimu akaja, akasimama juu ya Mfuko, mikono kiunoni.

"Dada yangu alipoolewa tulimkabidhi kwa mwanamume. Huyu wa sakafuni ni nani?"

"Shemeji, nisaidie kuinuka kwanza, matusi baadaye."

"Matusi ndiyo msaada. Mgongo ukipoa unakwenda kupima presha. Daktari akikuruhusu, tunaanza. Na jimu huendi, mpaka ujue kukaa."

"Kukaa? Nimekaa maisha yangu yote."

"Na ndiyo maana hujui."

Kiuno kilipotulia na daktari aliporidhika, mwalimu aliweka kiti katikati ya chumba cha mama. Hapakuwa na nafasi pengine. "Kaa. Sasa inuka, usishike kitu."

Mfuko akainuka, mkono ukateleza ukaegemea paja.

"Umeshika."

"Nilikuwa najikuna."

"Basi rudia, na usikune."

Akarudia, mapaja yakimwaka moto, na mama akashangilia kila akiinuka kama mtu aliye uwanjani. Ndivyo ilivyokuwa. Kukaa na kuinuka. Kusukuma ukuta, kisha kusukuma meza, kisha sakafu. Kukumbatia dumu la maji kifuani na kuchuchumaa nalo, mgongo umenyooka, nguvu zitoke mapajani. Kupanda ngazi na begi tupu mgongoni, kisha begi lenye mchanga kidogo, kisha zaidi, haba na haba. Na siku ya kupumzika, kupumzika kweli.

"Leo nina nguvu," Mfuko alilalamika siku moja ya namna hiyo. "Acha niongeze."

"Shemeji, ujana ni moshi, ukienda haurudi," mwalimu akamwambia. "Lakini nguvu si moshi. Zinarudi, ila ziite kwa adabu. Mwili wa umri wako unajengeka ukiwa umelala, haujengeki ukijionyesha. Kula maharage yako, ulale."

Mama alitazama yote haya na hakukosa la kusema. "Goti linaingia ndani." "Pumua, hakuna anayekudai pumzi." Kisha akanyamaza kwa siku kadhaa, jambo lililowatia wasiwasi. Mazoezi aliyopewa hospitali alikuwa hayafanyi. Alikuwa amechoka, alisema, kuinuliwainuliwa na watoto wa watu. Asubuhi moja Mfuko alipokuwa akichuchumaa na dumu, alisikia kitanda kikilia. Mama alikuwa amejisogeza ukingoni, mkono wa kulia kwenye mgongo wa kiti, makalio yameinuka kidogo tu kutoka kwenye godoro, uso umekunjamana kama anayevuta ndoo kisimani.

"Mama, utaanguka."

"Wewe ulianguka ukainuka, mimi nina nini? Fanya yako, nifanye yangu."

Tangu hapo walifanya wote, mtu na mama yake, uso kwa uso, wakihema kama punda wawili. Mkewe Mfuko alisema nyumba ilinuka jasho la heshima.

Na kiwandani? Hapo ndipo hasira inapotakiwa. Wapo bado wanaokumbuka kwamba nyuma ya kiwanda kile palikuwa na kiwanja. Wafanyakazi walicheza mpira wakitoka zamu, na kwenye kibanda cha mabati kulikuwa na vyuma vya kuinulia vilivyochomelewa na mafundi wenyewe. Likaja ghala. Tukaambiwa kiwanja kingine kitatengwa. Tukakaa kwenye viti vyetu tukisubiri, na tulipozeeka tukiwa tumekaa, tukaambiwa tu wavivu.

Mfuko alianza kutumia nusu ya mapumziko ya mchana kupanda na kushuka ngazi za ghala hilohilo. Msimamizi, kijana mwenye tai, akamkuta.

"Mzee, hiki ni kiwanda, si uwanja."

"Uwanja ulikuwa hapa hapa niliposimama," Mfuko alisema. "Mkiurudisha, nahamia huko leo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumjibu msimamizi tangu aajiriwe. Yule kijana alikaza tai yake, akaenda zake. Kesho yake Mfuko hakuwa peke yake kwenye ngazi. Mpiga pasi alikuja na kitambi chake, na dereva wa gari la mzigo, wakipanda huku wakimlaani yeye na mama yake na aliyebuni ngazi.

Shule zikafungwa. Kaka akaja na gari, godoro la kulaza mgonjwa limekwisha kutandikwa nyuma. Alipanda mpaka ghorofa ya tatu na funguo tu mkononi, akafika anahema, akaomba maji.

Mfuko alichuchumaa mbele ya kitanda. Mkewe akamfunga mama mgongoni mwake kwa shuka pana. Mfuko akavuta pumzi, akakaza tumbo, akainuka kwa mapaja. Walishuka kipandio kwa kipandio, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, wakapita pale pa aibu bila kusimama. Alipomweka mama kwenye kiti cha gari, fundi viatu alipiga makofi ng'ambo ya barabara.

"Kushuka hata jiwe hushuka," kaka alisema. Lakini alisema polepole.

Kupanda ndiko kulikokuwa na maneno. Ghorofa ya kwanza ilikwenda. Ya pili ilikwenda kwa shida. Walipovuka ya pili, mapaja yakaanza kutetemeka, yale matetemeko yasiyosikia amri, na kaka alikuwa nyuma yao, mikono ametandaza kumdaka mama.

"Niweke chini," mama alisema.

"Nikikuweka atasema nimeshindwa."

"Niweke, mwanangu. Na mimi nina miguu."

Mfuko alisita. Yule kijana aliyewahi kuwa asingeweka. Angepanda mpaka waanguke wote. Akachuchumaa taratibu, mgongo umenyooka, mkewe akafungua shuka. Mama akateleza akasimama. Mkono wa kulia ulikishika chuma, mguu wa kushoto ukatikisika kama wa ndama, na hakuna aliyemshika. Alisimama pale mpaka pumzi ya mwanawe iliporudi. Kisha akatanguliza mguu wa kulia kwenye kipandio cha juu, akauvuta wa kushoto nyuma yake.

"Haya," alisema, uso umelowa. "Kilichobaki ni chako."

Mfuko akambeba mpaka kitandani.

Kaka alikaa kwenye kile kiti cha mazoezi, akijifuta shingo. Alimwangalia mama aliyekwisha kugeukia dirisha kumwambia muuza mboga yaliyotokea. Alikuwa ametoa neno, na neno ni neno. Hatimaye alijaribu kuinuka, na mkono ukaenda pajani.

"Umeshika," Mfuko alisema.

"Nimeshika," kaka akakubali. "Nipe namba ya huyo shemeji yako."

Na wewe unayesoma haya umekaa. Una mtu ambaye siku moja utatakiwa kumwinua, na siku hiyo haitakuuliza kama uko tayari. Usiseme Jumatatu. Weka chini unachoshika, nyanyuka kwenye kiti bila kugusa meza, ukae, unyanyuke tena. Ukiweza au usipoweza, toka nje ukamwite mwenzako wa kazini aliyezeeka akiwa amekaa, mwende pamoja kudai mahali pa kusimama. Sasa. Inuka.