Shati la Dereva

Wifi yake alikuwa ameifunika cherehani kwa shuka jeupe, kuanzia gurudumu hadi kanyagio, na juu yake akasimamisha chombo cha maua ya plastiki. Fundi alipotoka chumbani na kuyaona hayo, alishika kiuno.

"Nani kafa humu ndani?"

"Hajafa mtu, wifi yangu. Mashine inapumzika. Na wewe unapumzika."

"Na maua umeiwekea!"

"Ili papendeze."

Fundi aliyaondoa maua, akalivuta shuka kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa bado unagoma kupanda juu ya bega. "Siku nikifa nifunike hivi hivi, na maua ni haya haya, usijisumbue kutafuta mengine. Leo nina kazi."

Alikuwa ameshonea watu katika chumba kile cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, tangu wanawe hawajaota meno. Sasa wanawe walikuwa wakubwa na walikaa mbali. Madaktari walikuwa wamemkata titi la kushoto, kisha wakaanza kumtundikia dripu za dawa zilizomnyonyoa nywele, nyusi, na hata hamu ya chai. Hapo ndipo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alipofika na begi moja kuja kumuuguza, akageuka serikali ya nyumba: yeye ndiye aliyeamua nani aingie, nani atoke, mgonjwa ale nini na alale saa ngapi. Alikuwa mwema kupita kiasi, ila wema wake ulikuwa na kelele.

Ni yeye aliyemletea titi la sponji, limefunikwa kitambaa laini cha rangi ya ngozi, akamkabidhi kwenye mfuko kama mtu anayetoa siri. Fundi alilibonyeza, akamshukuru kwa dhati, akalipeleka mezani na kuchomeka pini zake zote humo.

"Wifi! Unalichoma!"

"Halisikii. Hiyo ndiyo raha yake."

Lakini mdomo ni kitu kimoja na kioo ni kitu kingine. Magauni yake ya zamani yalikuwa yananing'inia kabatini, kila moja lina nafasi ya matiti mawili, na Fundi hakuwa amegusa hata moja. Alikuwa akivaa sweta pana la marehemu mumewe, jua liwake au mvua inyeshe, na hata wifi yake hakuwahi kumwona bila hilo sweta.

Sasa, kazi aliyosema anayo siku ile ilikuwa ya Dereva.

Walikutana kwenye benchi la kliniki. Fundi alikuwa hawezi kukaa pale mikono mitupu. Mikono ikikaa bure, mawazo yalimjia kama wageni wasioaga. Kwa hiyo alibeba mfuko wa viraka: soksi zilizotoboka, pindo zilizofumuka, zipu za majirani. Siku moja mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya stendi alijibwaga pembeni yake, akaanza kumtazama anavyoshona. Fundi naye akamtazama koti.

"Dada, hicho kifungo chako kinaning'inia kama jino la mtoto. Lete nikishike kabla hakijadondoka."

Yule mwanamke akavua koti. Alikuwa dereva wa basi la abiria, yale makubwa ya kampuni, na yeye alikuwa amekatwa titi la kulia.

"Wewe la kushoto, mimi la kulia," alisema baada ya kupiga hesabu yake. "Tukibanana hivi hivi, tunatoa kifua kimoja kizima."

"Sasa kitakuwa cha nani?"

"Tutapokezana. Wiki yako, wiki yangu."

Benchi zima likaangua kicheko, hadi muuguzi akachungulia kuona ni nani anafurahi mahali kama pale. Tangu siku hiyo kusubiri dripu kukawa kushona. Dereva hakujua kushika sindano, ila macho yake yalikuwa makali, akawa anatunga uzi na kusimulia vituko vya abiria. Wanawake wengine nao wakaanza kuja na pindo zao.

Jumamosi ile, basi, Dereva aliingia chumba cha mbele bila hata kutania mlangoni. Aliweka mezani kitambaa kipya cha sare, cha bluu, kile kipande kimoja ambacho kila dereva hupewa.

"Jumatatu naripoti," alisema. "Ama nishike usukani, ama nitie sahihi niende stoo, nikakae na matairi."

"Nani kakuambia habari ya stoo?"

"Meneja. Tena kwa upole kabisa, Fundi. Upole wake ndio ulioniumiza."

"Na wewe unatakaje?"

Dereva alivuta kiti. Alieleza kwamba alikuwa amekwenda kwenye yadi ya kampuni kujaribu gari, amevaa shati lake la zamani, na upande wa kulia amejaza soksi. Kona ya kwanza, soksi ikahamia kwapani. Kona ya pili ikashuka tumboni. Mkanda wa kiti nao, unaotoka bega la kulia, ulikuwa ukisugua kovu kama msasa.

"Nilishuka na mimba ya soksi. Makondakta wote wanatazama juu kama wanahesabu ndege."

Wifi aliyekuwa ameegemea mlango alijiziba mdomo asicheke, akashindwa. Dereva naye akacheka kidogo, kisha uso ukamshuka tena. "Nataka usukani. Lakini siwezi kukaa mbele ya watu wote wale nikiwa najishika shika kifua. Bora stoo. Kule kuna kivuli."

"Kivuli ni cha matairi," Fundi alisema. "Simama nikupime. Tutashona shati la mwanamke mwenye titi moja, si la mwanamke aliyeficha soksi."

Alimpima kulia peke yake na kushoto peke yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote. Alipima pale mkanda unapopita. Kwapa la kulia aliamua kulishusha kidogo lisiguse mshono wa madaktari. Alitandika kitambaa, akachukua chaki, akachora ule upande wa kulia kwa makini kuliko alivyowahi kuchora kitu: umelala, umetulia, hauna nafasi ya kitu kisichokuwepo. Alipomaliza alijisikia kama zamani. Wifi alishika ncha za kitambaa, na mkasi ukaanza kula: mgongo, mikono, mwisho kile kifua.

Alipoinua kile kipande, vilikuwa viwili.

Kila fundi hukunja kitambaa mara mbili kabla ya kuchora. Ukikata upande mmoja, wa pili umeshapatikana, maana miili ya watu ina pande mbili zinazofanana. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo maisha yake yote, na siku ile ilikunja yenyewe, bila kumuuliza. Mbele yake vilikuwepo vipande viwili vya kifua, vyote bapa, na makombo ambayo hayakutosha hata mfuko.

Dereva hakuwa fundi, lakini aliona. Alikichukua kipande cha kushoto, akakiweka juu ya titi lake lililobaki. Hakikulifikia hata ukingo.

"Na hili nalo limekwenda?" alisema. Alitaka iwe mzaha, sauti ikamkatikia njiani.

Kulipoteza na la pili: ndilo lile jambo ambalo pale kwenye benchi, pamoja na vicheko vyote, hakuna mtu aliyelitaja.

"Mimi nilisema apumzike," wifi alianza, machozi yanamlengalenga. "Nilisema! Mgonjwa apumzike, mashine ipumzike..."

"Wifi, tafadhali."

"Basi, Fundi." Dereva alikuwa ameshabeba mkoba wake. "Umejitahidi. Pengine ndivyo ilivyopangwa. Jumatatu natia sahihi, yaishe."

Fundi alihisi mkono wa kushoto unamwuma hadi kwenye vidole. Kwa dakika moja alitamani sana kulirudisha lile shuka jeupe juu ya cherehani na yeye mwenyewe aingie chini yake. Ndipo macho yake yalipoangukia titi la sponji pale mezani, limejaa pini kama nungunungu, na hasira zikampanda. Hazikuwa hasira kwa Dereva, wala kwa wifi.

"Keti," alisema.

"Fundi..."

"Nimesema keti. Tangu nianze kazi hii hajatoka mtu mlangoni kwangu na nguo nusu, na sitaanza na wewe. Ugonjwa ulichukua moja. Moja tu! Hili la pili nimelikata mimi kwa mkasi wangu, na mimi ndiye nitakayelirudisha. Hilo shati ulilovaa ndani ya koti, ni lile la zamani?"

"Ndilo. Limepauka."

"Vua."

"Hapa?"

"Unamwogopa nani? Mimi? Mimi na wewe ni kifua kimoja."

Dereva akavua. Wifi aligeuzia uso ukutani, kisha akajikaza, akageuka, akamtazama Dereva kovu na yote. Alikwenda kumletea kanga ya kujitanda, akamfunga mwenyewe.

Mgongo wa lile shati kuukuu ulikuwa bado mzima, ila miaka ya kufuliwa na kuanikwa juani ilikuwa imeifanya bluu yake iwe ya mawingu. Safari hii Fundi alikitandaza kitambaa chote wazi, akakibana pembe nne kwa vitu vizito, asiiamini mikono yake. Akakata kipande kirefu, chembamba begani, kinachopanuka kifuani, kisha kikashuka hadi kwenye pindo. Alikipachika kati ya kile kipande bapa cha kushoto na ubavu wa shati, na pale pakafunguka nafasi.

"Kitaonekana," Dereva alisema.

"Kitaonekana, ndiyo. Palepale penye titi lako. Mtu akitaka kutazama, atazame lililopo."

Dereva akaligeuza jambo hilo kichwani. Kisha kona ya mdomo ikapanda. "Ushone kwa uzi mwekundu."

"Huyu mwanamke ana wazimu," wifi alisema.

"Mwekundu," Fundi alikubali. "Na huku kulia nataka kitu laini ndani, mkanda usisugue. Kitambaa kilichofuliwa hadi kikachoka."

Walitafuta kwenye mfuko wa viraka, hawakuona kinachofaa. Wifi alisimama kidogo akiwatazama. Akaliokota lile shuka jeupe sakafuni, shuka lake mwenyewe alilokuja nalo, akalitia meno kwenye ukingo na kulichana kwa mikono miwili.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Lilikuwa linakaa bure."

Fundi akakaa kwenye cherehani. "Miguu sikukatwa," alisema, na kanyagio likaanza kuimba. Mkono wake wa kushoto haukuweza kukivuta kitambaa, kwa hiyo wifi aliketi upande ule, akawa anakivuta yeye, akifokewa: "Taratibu! Unavuta shati, sio ng'ombe." Dereva alitunga uzi. Walishona hadi jua likaondoka dirishani, na hapo katikati Fundi alilala kidogo kichwa kikiwa juu ya meza, wakamsubiri bila kumgusa, akaamka na kuendelea pale pale mshono ulipokuwa umesimama.

Jumatatu asubuhi Fundi alisimama dirishani na sweta lake. Kituo kilikuwa ng'ambo ya barabara. Basi la kwanza likaja. Kwenye usukani alikaa mwanamume mwenye sharubu. Basi la pili likaja. Kijana fulani, anapiga miayo.

"Pengine wamempa zamu ya mchana," wifi alisema nyuma yake. Fundi alikuwa ameshika kizingiti cha dirisha kama kwamba ndicho kinachomsimamisha.

Basi la tatu lilipiga honi kabla halijafika. Lilikuja limenyooka, likasimama taratibu, na pale mbele, nyuma ya kioo, mkanda umekatiza kifuani, palikuwa na bluu mpya na bluu ya mawingu na mstari mwekundu unaoonekana hadi ng'ambo. Mlango ukafunguka. Mzee mmoja aliyevaa tai alikanyaga ngazi, akakodoa macho, akasahau mguu wa pili.

"Baba, ukimaliza kukagua shati, panda," sauti ya stendi ilisikika. "Wenzio wana kazi zao." Kisha, kupitia dirisha lake: "Fundi! Halijahama hata kidogo! Kona zote!"

Wifi alipiga kelele ya furaha hadi watu wa kituoni wakageuka. Fundi hakupiga kelele. Alipunga mkono wa kushoto, ule mbishi, nao ukapanda hadi kwenye bega, ukauma, akauacha pale pale juu mpaka basi lilipoondoka.

Lilipoondoka, lilimwacha mwanamke mmoja mwembamba amesimama ng'ambo, amekumbatia mfuko kifuani. Fundi alimjua, alikuwa wa benchi la kliniki, yule anayekaa mwisho kabisa, asiyezungumza. Alivuka barabara akaja hadi dirishani.

"Dereva kaniambia nishuke penye cherehani," alisema kwa sauti ndogo. "Ni gauni. Sijui kama... Wewe una dripu Alhamisi, najua. Labda umechoka."

"Nimechoka, ndiyo," Fundi alisema. "Pita ndani."

Alivua sweta la marehemu mumewe, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ndani alikuwa amevaa blauzi nyepesi, upande mmoja umejaa na mwingine umelala, na hakuvuta chochote kujifunika. Mgeni alitazama pale, kisha akamtazama usoni, na mikono yake iliyoukumbatia ule mfuko ikalegea kidogo.

Wifi, ambaye sasa alijihesabu kuwa mtu wa kazi, alikuwa ameshatoa kitambaa mfukoni, amekitandika mezani, anakikunja mara mbili vizuri kama alivyoona mafundi wote wakifanya.

"Hapana, wifi," Fundi alisema, akichomoa pini kwenye sponji. "Hicho hatukikunji. Kitandaze."