Fonti ya Mkono wa Baba

Kila nikiiona ile S iliyopinda kama mnyoo, hugeuza uso. Nimeiona kwenye chupa za juisi, kwenye mlango wa saluni, hata kwenye tangazo la dawa ya panya. Wateja wanaipenda. Eti ina uhai, eti inaonekana ya mkono kweli. Ya mkono ni kweli. Ni ya mkono wa baba.

Baba alikuwa mchora mabango, na herufi zake zilinyooka utadhani zimepigwa na mashine. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia. Dada wa mazoezi ya viungo wa hospitali akatuonya kwamba ule mkono usipofanyishwa kazi kila siku utalala moja kwa moja. Basi kila asubuhi nilimwekea brashi na karatasi, naye akachora herufi kubwa, A mpaka Z, jasho likimtoka na mimi nikimfuta udenda. Ile S aliihangaikia mpaka chai ikapoa.

Kaka yangu, anayekaa kwenye kompyuta ya duka letu la mabango, akazikusanya zile karatasi, akaziskani, akatengeneza fonti, herufi za kuchapia kwenye kompyuta. Hakumwuliza baba. Akaiita Mchafuko, akaanza kuibandika kwenye kila kazi inayotaka kuonekana ya mtaani. Nikimwona anazivuta zile herufi kwenye skrini, anazinenepesha, anaziongezea madoa ili zizidi kuwa mbovu, natamani kuichomoa ile kompyuta.

Halafu akashusha bango la duka, lile alilolichora baba mwenyewe enzi zake, akapandisha jipya la Mchafuko. Nikamsihi asimlete baba kuliona. Akanijibu kwamba nina wivu.

Alimleta Jumamosi kwenye kiti cha magurudumu, amemchana nywele vizuri. Siku hizi maneno humtoka baba kwa shida. Akaliangalia bango kwa jicho la fundi, kisha akasonya.

"Nani... mlevi huyu?"

Nilimkazia macho kaka anyamaze. Angeweza kumsingizia mtu yeyote, na baba angerudi nyumbani akicheka. Lakini kaka akamwinamia sikioni, meno yote nje.

"Ni wewe, baba. Ni mkono wako huo."

Baba akalitazama tena bango, herufi moja baada ya nyingine, na mimi sikuweza kumwangalia usoni. Kaka akampiga picha.

Asubuhi iliyofuata nilimwekea karatasi na brashi kama kawaida. Akausukuma mkono wa kulia chini ya shuka kwa ule wa kushoto, akageukia ukutani. Tangu hapo hajagusa brashi, si kwa kubembelezwa wala kwa kugombezwa.

Jana kaka alikuja chumbani kuuliza kama baba ameshaanza herufi ndogo, maana wateja wanaziulizia. Nikamfunulia shuka aone vidole vilivyojikunja.