Maji ya Busasamana Yachemkapo

Mwaka 1999, vilima vya kaskazini vilipoanza kutulia baada ya vita, ofisi moja ya mradi wa elimu karibu na ufuo wa ziwa, mjini Gisenyi, ilipata kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Walimu wa sayansi na hisabati wakaalikwa kujifunza kwa barua pepe pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Wengi walikuja mara moja, wakaona mashine inavyochelewa, hawakurudi. Uwimpuhwe alirudi kila Jumatano baada ya vipindi.

Alikuwa mwalimu wa fizikia, mwanamke wa maneno machache. Kwao kulikuwa Busasamana, juu karibu na volkeno, lakini tangu vita vimfukuze huko hakuwa amepanda tena. Mama yake, Kampire, ndiye aliyeshuka kumwona, akimletea viazi, na kila alipoaga aliuliza binti yake atakuja lini. Uwimpuhwe alijibu kwamba kazi ni nyingi.

Alichopenda katika mafunzo yale ni kule kungoja. Modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, ikilia, naye ameketi mbele ya kioo cha rangi ya samawati, alijiona kama ameshika ncha ya uzi mrefu sana, na mahali asipopajua mtu mwingine ameshika ncha ya pili. Dirishani ziwa lilikuwa limelala ndani ya ukungu. Hukuweza kusema maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi.

Mtu wa ncha ya pili alikuwa Saidati, mwalimu wa Tanga, ambaye hakuwa amewahi kumwona hata kwa picha. Kwake Uwimpuhwe alipeleka jambo lililomsumbua. Alikuwa amechemsha maji darasani. Kitabu kilisema yatachemka kwenye nyuzi mia moja, lakini kipimajoto kilisimama kwenye tisini na tano. Wanafunzi wakasema kimeharibika. Akajaribu kingine, kikasimama palepale.

Rutayisire, mtunza kompyuta aliyekulia Tanzania, alimshauri awafundishe mia moja tu, maana mtihani wa taifa hautauliza habari za Gisenyi.

"Mi najua kitabu inasema mia," Uwimpuhwe alimjibu. "Lakini maji ya hapa nayo iko na neno yake."

Jibu la Saidati lilikuja wiki iliyofuata. Hakueleza chochote. Aliandika kwamba kwao, kando ya bahari, maji huchemka kwenye mia moja kamili. Kisha akauliza: "Je, kuna mahali palipo juu zaidi ya hapo ulipo? Panda Jumamosi asubuhi, uchemshe. Nami nitachemsha asubuhi hiyohiyo."

Uwimpuhwe aliyasoma maneno yale mpaka Rutayisire akaanza kufunga madirisha. Mahali palipo juu alipajua pamoja tu: Busasamana.

Akapanda. Njia ilipita kwenye mashamba ya viazi yaliyozungushiwa mawe meusi ya volkeno, na mawingu yalishuka chini hata akawa anatembea ndani yake, miguu yake ikikumbuka kona kabla ya macho kuziona. Pale nyumba yao ilipokuwa, sasa palimea maharage. Alisimama akayatazama maua yake meupe. Alikuwa ameogopa kwamba atalia, lakini alihisi usingizi mtamu tu, kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Kampire alitoka katika nyumba mpya ya mabati, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha wakabandika sufuria.

"Unapima nini, binti yangu?"

"Napima namna kwetu iko juu, mama."

Maji yalichemka kwa nguvu, na kipimajoto kikagoma kwenye tisini na tatu. Uwimpuhwe akaelewa. Akamweleza mama yake kwamba hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, kwa hiyo yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva.

"Bon," Kampire akasema, "na mi nasemaka kuni ya huku ni mubaya."

Wakacheka, mvuke ukiwapanda usoni. Uwimpuhwe akamwona akilini Saidati ameinama juu ya sufuria yake kando ya bahari, mvuke ule ukipanda mbinguni kukutana na huu. Hakushuka siku ile. Alilala kwa mama yake, na mwezi haukuisha kabla hajarudi tena.

Jumatatu baada ya jaribio lile alichora ubaoni nukta tatu za kimo na nyuzi, wanafunzi wakanakili: Tanga chini, Gisenyi katikati, Busasamana juu. Msichana mmoja, Kayitesi, akaunganisha zile nukta kwa rula, akauliza kileleni mwa Karisimbi, volkeno ndefu kuliko zote za huko, maji yatachemka kwenye nyuzi ngapi.

"Sijafika huko," mwalimu akasema. "Wewe unaonaje?"

Kayitesi akauendeleza mstari. Karatasi ikaisha, naye akaendelea kuchora juu ya mbao za dawati, taratibu, na Uwimpuhwe hakumzuia.