Milango ya Kitasa cha Ndani

Siku hiyo Bi Tunsume, waziri wa elimu wa jimbo, alirudi nyumbani mchana kichwa kikimgonga. Serikali kuu ilikuwa imetangaza kwamba mlipa kodi akichangia mfuko wa ufadhili wa masomo, atapunguziwa kodi kwa kiasi hichohicho, na mtoto atafadhiliwa asome shule aliyoichagua mzazi wake, hata ya kulipia. Mlipa kodi wa jimbo lolote angeweza kuchangia, lakini watakaofadhiliwa ni watoto wa majimbo yaliyojiunga tu. Katika mkutano wa asubuhi hiyo wazazi nusura washikane mashati, na jibu la jimbo lilikuwa mikononi mwake. Wala hakuwa akiliwaza jimbo zima, tusidanganyane. Alimuwaza Ipyana, mtoto wa kaka yake, asiyeweza kutembea, ambaye mwalimu wa shule ya serikali humbeba kila asubuhi kumwingiza darasani. Akajilaza kwenye kochi na viatu vyake miguuni, usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko katika nchi isiyo na jua wala kivuli, ameshikwa mkono na bibi kizee mwenye vidole vya baridi, jina lake Tahadhari. Mbele yao palikuwa na ukuta wenye lango lililofungwa, na watu wa jimbo lake wenyewe walikuwa wakimwaga maji ya mitungi yao ng'ambo ya ukuta, yakanywewa na watoto wa majirani. Watoto wa kwake walikuwa wakilamba mawe. Aliona aibu, akanyoosha mkono kwenye lango, na papo hapo akatokea mwanamke mzuri ajabu, Hiari, akamwambia afungue tu, kwani huko kila mtoto hujichagulia mlango wake.

Lango likafunguka, watoto wakatoka mbio. Ndipo alipoona kwamba kila aliyetoka alibeba kwapani tofali moja la shule yake ya zamani bila kujua, na kuta zikawa zinapungua hadi yule mwalimu wa Ipyana akabaki amesimama uwanjani peke yake. Na kule mbele, milango yote ya Hiari ilikuwa na kitasa upande wa ndani tu. Ipyana alijikokota kwa viwiko, akagonga. Sauti ikauliza kutoka ndani kama anaweza kupanda ngazi. Akagonga kwingine, akaulizwa vilevile. Bi Tunsume akamgeukia Tahadhari amwambie la kufanya.

"Mimi najua kumzuia mtu, mwanangu," bibi akasema taratibu. "Kumfikisha sijui. Nimewazuia wengi mpaka wakafa kwa kiu."

Ipyana akagonga mlango wa mwisho, na safari hii Bi Tunsume akaisikia vizuri ile sauti. Ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amekaa ndani, mkono juu ya kitasa, na mkono haukumtii.

Aliamka akihema, jasho limemlowesha. Asubuhi nzima watu walikuwa wamebishana jimbo litapata nini na litapoteza nini, na si yeye wala wapinzani wake aliyeuliza mtoto kama Ipyana atapokewa na nani. Hilo ndilo lililomtisha, na hofu yake haikuisha kwa kuamka. Simu ikalia. Katibu wake, Anyosisye, alitaka kujua kama wanajiunga au hawajiungi.

"Waambie wasubiri," akasema. "Kwanza naenda kupiga hodi kwenye hizo shule za kulipia, mimi na Ipyana. Wakimkataa, wamkatae nikiwa nimesimama pale."