Seti Mpya ya Fundi Mbaruku

Pale Chanika ya Handeni, mbele ya gereji ya Fundi Mbaruku, kulikuwa na benchi refu ambalo wanaume wazima wenye wake na watoto walilikalia kila alasiri wakijadili spana. Si siasa, si mpira, si mvua. Spana. Tangu ruksa ya biashara iingie na maduka yajae vitu ambavyo zamani ulivipata kwa kibali cha watu wanne na undugu na wa tano, kila mtu Handeni alipatwa na wazimu wake. Wengine walipatwa na wa redio, wengine wa viatu vyenye soli nene. Benchi la Mbaruku lilipatwa na wazimu wa vyuma.

Walikuwa na taratibu zao. Spana mpya ikiletwa, kwanza inadondoshwa juu ya jiwe na watu wote wananyamaza kama kwenye taarifa ya habari. Ikilia kwa mlio mrefu, hicho ni chuma cha Mjerumani. Ikilia kifupi, hiyo ni sufuria iliyokosa bahati. Kisha inanuswa. Kisha inapimwa uzito kiganjani, macho yamefumbwa, midomo inacheza kama ya mtu anayeomba dua. Mambo yote hayo niliyaona kwa macho yangu. Kitu ambacho sikuwahi kuwaona wakikifanya na spana ni kufungua nati.

Bingwa wao alikuwa Keriako, mfugaji wa Kimaasai kutoka pande za Kang'ata. Huyu aliuza dume zima, lenye nundu na heshima zake, akanunua spana ringi kumi na mbili. Anazifunga kwenye ngozi ya mbuzi na kuzipaka mafuta ya kondoo kila wiki. Injini hana. Baiskeli hana. Nilipomuuliza spana ni za nini, alinitazama kwa huruma.

"Binti, wewe una hereni za nini?"

Nikazishika masikioni. Hereni zenyewe nilikuwa nimeazima.

Mimi naitwa Amne. Nilimaliza kidato cha nne, na cheti changu kinaning'inia ukutani kwenye banda la mashine ya kusaga ya shangazi yangu, Bi Mashavu. Kimekula unga mpaka jina langu halisomeki, kwa hiyo sasa ni cheti cha yeyote anayekitaka. Mashine yenyewe ilikuwa ya chama cha ushirika. Chama kilipochoka kushirikiana, shangazi aliuza shamba la urithi kule Mpale akainunua: injini kubwa ya kijani, ya Kiingereza, iliyozeeka kwa adabu. Fundi wa ushirika aliondoka na spana zake zote, labda kama kumbukumbu.

Jumatatu moja gasketi ya kichwa cha injini ikapasuka. Injini ikakohoa, ikatema maji, ikanyamaza. Siku nyingine yoyote tungesema ni mapenzi ya Mungu. Lakini Alhamisi ya wiki hiyo hiyo kamati ya mnada ilikuwa inakuja kugawa kiwanja cha kusagia pale mnadani, penye watu wote na mahindi yote. Kiwanja kilikuwa kimoja, waombaji wawili. Mwingine alikuwa bwana mmoja mgeni aliyeleta mashine mpya, bado ina karatasi za nailoni. Kamati ilisema wazi: mashine isiyounguruma siku hiyo, mwenyewe asahau. Na mashine isiyokuwa mnadani, Handeni hii yenye ukame, ingesaga nini? Upepo?

"Shamba nimeshauza," shangazi aliniambia. "Sina la kuuza tena ila wewe, na kwa mdomo huo sipati mteja."

Gasketi mpya tulikuwa nayo. Kazi ilikuwa kufungua nati sita tu. Mbaruku akaja na ile spana inayobana na kulegea, ambayo mafundi huiita spana malaya. Jina hilo si mimi niliyelitunga. Akaivuta mara mbili, ikateleza, ikala pembe za nati ya kwanza. Akaiweka chini, akajifuta mikono, akatamka hukumu aliyokuwa akiisubiri mwaka mzima.

"Hapa panatakiwa seti."

Benchi lote likapumua kwa raha. Seti ya soketi, vile vikombe vya kuvisha nati! Ile ya sanduku la chuma, yenye kromu, iliyoonekana dukani kwa shemeji yake Adamu, Korogwe!

"Fundi," nikasema, "tugandamize kipande cha sabuni juu ya nati, tupate alama yake. Twende nayo dukani tupimishe."

Mbaruku alinitazama kama nimemwambia avae gauni. "Niingie kwa Adamu na sabuni mkononi? Unamjua Adamu? Atasimulia Korogwe nzima kwamba Wazigua ndiyo kwanza wameona sabuni, wanatembea nayo."

"Basi upime kwa uzi."

"Fundi hapimi, Amne. Fundi anaona. Ile ni ishirini na nne. Naiona kutoka hapa."

Alikuwa ameipa mgongo.

Jumanne tukapanda lori la mahindi, Mbaruku, Keriako na mimi. Shangazi alinituma nikamlinde fundi asinunue na redio. Adamu alikuwa na duka lake la vyuma Old Korogwe. Ni Msambaa wa Kwashemshi aliyemuoa Swaumu, dada yake Mbaruku, na wale wawili hawajawahi kuambiana neno la kweli tangu siku ya harusi. Shemeji kwa shemeji, Mzigua kwa Msambaa: ukitaka kujua saa kutoka kwao, bora uangalie jua.

"Shemeji!" Adamu alipaza sauti tukiwa bado barabarani. "Njaa imewaishia Handeni mmekuja kukopa ya huku?"

"Tumekuja kukufundisha kuvaa viatu. Umeshuka mlimani mwaka gani vile? Naona kisigino bado kina tope la Kwashemshi."

"Hili tope lina rutuba. Lenu hata kunguru hatui."

Walicheka, wakashikana mikono, wakatukanana wazazi wa pande zote mbili kwa zamu, na baada ya hapo ndipo tukakaribishwa kukaa.

Seti ikaletwa. Nakiri, ilikuwa nzuri. Soketi zimejipanga kwenye sanduku jekundu kama meno ya mtu tajiri. Mbaruku akaidondosha moja juu ya sakafu. Ikalia, mlio ukazunguka duka. Keriako akaichukua, akaigeuza, akaangalia ndani ya kinywa chake, akapapasa mgongo.

"Ukoo wake ni upi?"

"Imetoka Dubai," Adamu akasema.

"Dubai ni sokoni. Mimi nauliza mama yake."

Hapo Adamu akamgeukia Mbaruku. "Unaenda kufungulia nini?"

"Injini ya kijani ya Bi Mashavu. Ile ya ushirika."

Adamu akafunga sanduku. "Usinunue."

"Nini?"

"Injini ile ni ya Kiingereza, shemeji. Nati zake ni za inchi. Seti hii ni ya milimita, haitaingia. Subiri wiki ijayo, nitakutafutia ya inchi kwa mafundi wa mashamba ya mkonge."

Mbaruku akaangua kicheko mpaka akashika kaunta. Keriako naye akacheka, mafuta ya kondoo yakimeremeta shingoni.

"Mnamwona? Anataka nirudi Handeni mikono mitupu, wiki ijayo niwe hadithi!"

"Haki ya Mungu, shemeji, safari hii sitanii."

Hilo ndilo lililomharibia. Kwa maana mwaka uliopita, kwa haki ya Mungu hiyo hiyo, Adamu alimtumia Mbaruku salamu kwamba Swaumu ametoroka na dereva. Mbaruku alikata njia yote ile bila kula, akamkuta dada yake anakaanga samaki, naye dada akamuuliza, kaka, mbona umekonda? Toka siku hiyo haki ya Mungu ya Adamu ilikuwa haina thamani upande wa Handeni.

Mimi nilimtazama Adamu usoni. Hakuwa anacheka. "Fundi," nikasema, "nadhani anasema kweli."

"Mwanangu, huu ni utani wa mashemeji. Kidato cha nne hawafundishi."

Adamu akainua mikono. "Haya. Muuzaji gani anafukuza mteja? Chukueni, mbarikiwe."

Jumatano tukarudi, sanduku limepakatwa na Keriako kama mtoto anayepelekwa jandoni. Alhamisi asubuhi benchi lote lilihamia bandani kwetu kushuhudia. Mbaruku akachagua ile ishirini na nne aliyokuwa ameiona. Ikaingia vizuri, akavuta, ikazunguka yenyewe, nati imetulia. Akajaribu inayofuata sandukuni, ishirini na mbili. Haikuingia hata kwa kuombwa. Akarudi kwenye ishirini na nne, akavuta kwa nguvu, ikaparuza pembe za nati ya pili.

Hakuna aliyesema neno inchi. Lilikuwa limekaa katikati yetu kama ushuzi, kila mtu anatazama pembeni.

Kamati ikafika, wazee watatu na daftari. Wakanywa chai ya shangazi, wakaitazama injini, injini ikawatazama. Kutoka ng'ambo ya barabara mashine mpya ya yule bwana ilikuwa inanguruma tangu alfajiri, tena haina mahindi ndani; inanguruma kwa majivuno tu.

"Bi Mashavu," mwenyekiti akasema, "tunakwenda kule kwanza. Saa sita tunarudi. Tukikuta hivi, tutaandika hivi."

Walipotoka, shangazi alikaa juu ya gunia tupu. Sijawahi kumwona amekaa saa za kazi. Nikachukua mkasi na kopo la mafuta ya kupikia, nikakata kibati chembamba, nikakikunja kikalingana na ubavu wa nati.

"Fundi, weka hiki katikati ya nati na soketi. Itabana."

"Kibati?" Mbaruku akarudi hatua moja. "Kwenye kromu? Hayo ni mambo ya mafundi baiskeli!"

"Itachubuka ndani," Keriako akanong'ona. Alikuwa na uchungu wa kweli. "Yeyo, mama yangu, ile haijawahi kuguswa."

Watu wa benchi wakamwangalia Mbaruku, na Mbaruku alijua wanavyoangalia. Hawa ndio waliompa ubingwa wa kuona nati akiwa ameipa mgongo. Akitia kibati leo, amekiri mbele yao kwamba Msambaa alisema kweli.

Shangazi hakuinua sauti. "Mbaruku. Mimi niliuza shamba. Wewe unaombwa kuuza nini?"

Mbaruku alijifuta mikono kwenye suruali. Kisha akaninyang'anya kibati, akapiga magoti, akakitia, akaweka soketi juu yake na kugonga kwa kiganja. Akavuta. Chuma kikalia kwa sauti mbaya sana, hata jiwe lile la gereji lingeikataa, na nati ikasogea.

"Kata vingine," akasema bila kunitazama. "Zile zilizolika pembe uzikatie viwili viwili."

Nilikata hadi vidole vikavuja damu. Saa tano na nusu gasketi mpya ilikuwa ndani. Saa sita kasoro kidogo shangazi mwenyewe alishika hendeli, akazungusha, injini ikatoa moshi mweusi, ikakohoa mara tatu na kuamka. Banda lote likatetemeka. Kamati ilikuja ikikunja shuka zake kwa sababu ya vumbi, ikamwaga debe la mahindi, ikangoja, ikatia kidole kwenye unga, ikalamba.

"Laini," mwenyekiti akasema. "Kule ng'ambo bado unatafuna." Akafungua daftari.

Sasa tuko mnadani kila wiki. Adamu alikuja kujionea, akakaa siku mbili kwa shemeji yake akicheka bila kusema kitu, na Mbaruku akavumilia kama mtu anayetolewa jino. Mimi nilidhani aibu ile imewaponya. Juzi nimepita gereji nikakuta benchi limejaa, wamenyamaza, wamezunguka makopo manne matupu. Keriako ameshika kipande cha bati karibu na sikio, anakigonga kwa ukucha.

"Hili la maziwa," anawaambia, "lina uti wa mgongo."

"Lidondoshe kwanza," Mbaruku akasema.