Kikombe Kilichowekwa Chini

Fundi cherehani alikuwa na ugonjwa wa magamba. Ulimwanza viwikoni alipojifungua mtoto wake wa pili, ukapanda mabegani, kisha ukashuka mgongoni. Magamba yalikuwa meupe na makavu, yakipukutika kama chokaa ya ukuta wa zamani. Daktari wa ngozi alimwambia tangu siku ya kwanza kwamba ugonjwa huo hauambukizi, si kwa mkono, si kwa nguo, si kwa kijiko. Yeye alielewa. Shida ni kwamba daktari hakuwa na nafasi ya kuwaeleza wateja wake mmoja mmoja.

Wateja nao walikuwa na adabu zao. Bibi harusi mmoja alimkuta akimpima mtu kiuno, magamba wazi viwikoni, akakumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau nyumbani. Aliondoka na kitambaa chake, hakurudi tena. Fundi akajishonea magauni ya mikono mirefu, akayavaa hata jua likiwaka, akajikaza kisabuni.

Aliyemtoa kwenye kiti ni wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba wa miguu na mnene wa maneno.

"Wifi, ukizidi kukaa kwenye hiyo cherehani utaota mizizi," alimwambia. "Kaka yangu atakuja kukumwagilia maji."

Wakaanza kukimbia pamoja alfajiri. Mwanzoni Fundi alihema kama mvukuto, lakini baadaye miguu ilizoea, naye akagundua kwamba anapenda. Basi zilipotangazwa mbio ndefu za kuchangia utafiti wa magonjwa ya ngozi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Alizunguka kwa majirani, kwa mafundi wenzake, hata kwa msusi wa duka la pili ambaye hakuwahi kumpa mkono, akawachangisha wote.

Waandaaji wakasikia kwamba kuna mkimbiaji ambaye mwenyewe ni mgonjwa. Wakamwita ofisini.

Afisa habari wao alikuwa kijana mtanashati, mwenye meza safi. Nyuma yake lilining'inia bango la mbio, na kwenye bango kulikuwa na msichana mwenye ngozi laini kama ganda la yai. Fundi alipokunja mkono wa gauni kumwonyesha ugonjwa wenyewe, afisa alirudisha kiti nyuma kidogo.

"Dada, habari yako inagusa sana," alisema. "Tutakuomba jambo moja tu. Siku yenyewe uvae mikono mirefu."

"Kwa nini?"

"Kutakuwa na wafadhili. Hatupendi washtuke asubuhi asubuhi."

Fundi alilitazama bango, kisha akamtazama yeye.

"Kwani mnachangia ngozi ipi, baba? Kama ni hii, mbona hamtaki ionekane?"

"Usinielewe vibaya, dada."

"Nimekuelewa vizuri. Hiyo ndiyo shida."

Aliondoka bila kuaga. Alipofika nyumbani alichukua shati alilopewa la mbio, akashika mkasi, akaikata mikono yote miwili. Wifi yake alimkuta akishona pindo, mdomo umejaa pini.

"Hasira hasara, wifi."

Fundi alizitoa pini mdomoni. "Na kunyamaza? Miaka yote hii nimepata faida gani?"

Wifi akatoa shati lake mkobani. "Basi kata na langu. Ila pindo lipendeze, nisije nikaonekana nimetoroka jela."

Siku ya mbio watu walimpisha. Pale pa kuanzia, wengine walipobanana bega kwa bega, yeye alipata uwanja mzima wa kujinyoosha. Alikimbia na wifi yake ubavuni, wakapita mitaa ya maduka yaliyofungwa, jua likipanda, jasho likimchoma kwenye nyufa za ngozi. Walipofika kituo cha maji, koo lilikuwa limemkauka.

Mwanamke aliyevaa kofia ya waandaaji alikuwa akiwapa wakimbiaji vikombe mkononi. Alipoiona mikono ya Fundi, akasita. Kile kikombe alichokishika akakiweka chini, kwenye lami, akakisogeza kwa ncha ya kiatu.

Fundi akasimama.

"Nipe mkononi."

"Si hicho hapo, dada."

"Nakiona. Nipe mkononi, kama ulivyowapa wengine."

"Mimi nina watoto," mwanamke alisema kwa sauti ya chini.

"Hata mimi ninao. Nawaogesha, nawalisha, nalala nao. Hakuna hata mmoja aliyeugua."

Wakimbiaji wa nyuma walianza kurundikana. Mmoja alimwambia asogee, maji mengine yako mbele. Wifi akamgeukia: "Wewe uliyepewa mkononi, nenda." Wengine walitoa simu wakarekodi. Mara afisa habari akafika kwa pikipiki, akaziona simu, akatabasamu. Alimimina maji mwenyewe na kumnyooshea Fundi.

"Si wewe niliyekuomba," Fundi alisema.

Mwisho yule mwanamke alijaza kikombe kingine. Akampa mkononi. Vidole vyao viligusana. Fundi alikunywa, akamshukuru. Alipogeuka kuendelea na mbio, alimwona kwa pembe ya jicho akivipangusa vidole kwenye sketi yake.

Walimaliza karibu na wa mwisho. Afisa alikuwa akimsubiri, safari hii akichangamka.

"Dada, mgeni rasmi anaomba picha nawe. Hivyo hivyo ulivyo, mikono wazi. Watu wameshaiona video."

"Kule ofisini nilikuwa natisha."

"Tuyaache hayo."

"Siyaachi. Nipe kipaza sauti kwanza, halafu picha."

Afisa alimpa, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. Fundi hakuwa msemaji. Alisema tu kwamba ugonjwa wake hauambukizi. Alisema kwamba leo amewekewa maji chini kama mbwa, na katika mbio zilizokimbiwa kwa ajili yake. Alisema hamlaumu aliyeyaweka kama anavyowalaumu waliompa kofia na wasimweleze kitu. Wachache walipiga makofi. Mgeni rasmi alitazama viatu vyake. Picha haikupigwa.

Jioni mumewe alimpaka mafuta mgongoni kwa viganja vyote viwili, taratibu, kama siku zote. Alimuuliza kama amechoka. Fundi hakumsikia, kichwani alikuwa bado anabishana na yule afisa. Mumewe akachota mafuta mengine, akaendelea na mabega.